Fundi Sanifu wa Maji: Kazi ya Kupima na Kurejesha Kidakio, Kutoka Mlimani Hadi Ghuba ya Mlingotini

Mlingotini ni mahali ambapo maji ya aina tatu hukutana. Yapo maji ya mvua yanayoteremka kwa vijito vya msimu, maji ya ardhini yanayochotwa visimani, na maji ya bahari yanayoingia ghubani na kutoka mara mbili kwa siku. Mkulima wa mwani, mvuvi, mwenye bustani ya mchicha na mwenye kisima cha uani wote hutegemea uwiano wa maji hayo. Mtumishi ambaye kazi yake ni kuufuatilia uwiano huo kwa vipimo, na kusaidia kuurekebisha unapoharibika, ni fundi sanifu wa maji anayefanya kazi katika kidakio. Makala haya yanaeleza kazi hiyo, sababu ya kufanywa kila siku bila kukatizwa, na wajibu wa wananchi katika kuifanikisha.

Kidakio ni nini

Kidakio ni eneo lote la ardhi ambalo mvua inayonyesha juu yake huelekea mto au ghuba moja. Mipaka yake haifuati mipaka ya vijiji wala ya kata, bali hufuata miinuko ya ardhi. Mwenye shamba lililo juu kilimani na mwenye kamba za mwani baharini wanaweza kuwa hawajawahi kuonana, lakini wakawa wakazi wa kidakio kimoja.

Wilaya ya Bagamoyo imo ndani ya Bonde la Wami/Ruvu, mojawapo ya mabonde 9 ya maji nchini. Bonde hili linajumuisha mito miwili mikubwa, Wami na Ruvu, pamoja na mito midogo ya pwani. Usimamizi wake umekabidhiwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao makuu Morogoro, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya 2009. Ni vyema kutofautisha majukumu hapa. Mamlaka ya maji mjini na RUWASA vijijini hupeleka maji kwa mtumiaji. Bodi ya Bonde hulinda chanzo chenyewe, huhesabu kiasi cha maji kilichopo na hutoa vibali vya kuyatumia.

Kwa hiyo mkazi wa ukanda huu anaguswa na vidakio viwili. Cha kwanza ni kidakio kikubwa cha Ruvu, kinachoanzia milima ya Uluguru na kulisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayohudumia Dar es Salaam, Kibaha na Bagamoyo. Cha pili ni kidakio kidogo cha pwani, ambacho vijito vyake humwaga maji, tope na takataka moja kwa moja ghubani.

Kupima mvua na mto

Siku ya kazi huanza kwa kipima mvua. Chombo hicho husomwa kila siku saa 3:00 asubuhi, na usomaji huandikwa kwa milimita. Milimita 1 ya mvua ni sawa na lita 1 ya maji juu ya kila mita 1 ya mraba. Mvua ya milimita 50 inaponyesha katika hekta moja, maji yaliyodondoka ni lita 500,000. Swali ambalo fundi hutafuta jibu lake ni hili: kati ya lita hizo, ngapi zilizama ardhini, na ngapi zilikimbilia baharini zikiwa zimebeba udongo?

Sehemu ya jibu hupatikana mtoni. Ubao wenye alama za sentimita husimikwa ukingoni, na msomaji anayeishi jirani huandika kina cha maji asubuhi na jioni. Kina peke yake hakitoshi kueleza wingi wa maji, kwa hiyo mara kwa mara fundi huingia mtoni na kipima kasi. Hunyoosha utepe kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, hugawa upana katika vipande, kisha hupima kina na kasi ya maji katika kila kipande. Palipo na maji machache, kasi hupimwa kwenye kina cha sehemu 6 kati ya 10 kutoka juu. Palipo na maji mengi, hupimwa mara mbili, kwenye sehemu 2 na sehemu 8 kati ya 10, na wastani wake huchukuliwa.

Chukua mfano wa kijito chenye upana wa mita 4, kina cha wastani cha sentimita 50, na kasi ya sentimita 30 kwa sekunde. Wingi wa maji yake ni lita 600 kwa sekunde, yaani lita 51,840,000 kwa siku. Msomaji akikosea kina kwa sentimita 5 tu, hesabu ya siku hiyo itapotoka kwa lita 5,184,000. Sera ya Taifa ya Maji ya 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini. Kwa kiwango hicho, kosa la sentimita 5 ni sawa na mahitaji ya siku moja ya watu zaidi ya 207,000. Ndiyo maana ubao uliogongwa na gogo la mafuriko ukainama hauachwi hivyo hivyo. Fundi huurejesha mahali pake kwa kuulinganisha na alama ya msingi iliyojengwa kwa saruji pembeni.

Kupima kisima

Chini ya ardhi ya pwani, maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta yanavyokaa juu ya maji. Hali hiyo inatokana na uzito: maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji matamu, takribani sehemu 25 kwa kila 1,000. Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takribani mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kinyume chake ndicho chenye hatari. Visima vikivuta maji hadi usawa ukashuka kwa mita 1, mpaka wa chumvi huweza hatimaye kupanda kwa takribani mita 40.

Fundi hupima mambo mawili kisimani: umbali kutoka mdomo wa kisima hadi kwenye maji, na uwezo wa maji kupitisha umeme, kwa kuwa maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi. Mabadiliko hujitokeza kwenye kipimo hicho kabla ulimi haujaonja chumvi. Mtu anapoanza kulalamika kwamba chai imebadilika ladha, chumvi huwa imekwishaingia, na kuirudisha nyuma huchukua muda mrefu kuliko iliotumia kuingia. Kwa sababu hiyo anayetaka kuchimba kisima kirefu, au kuvuta maji mengi kwa ajili ya umwagiliaji, kiwanda au hoteli, anatakiwa kwanza kupata kibali cha Bodi ya Bonde. Kibali hicho si urasimu mtupu, kwani pampu moja yenye nguvu inaweza kuharibu visima vya majirani wote.

Kupima ghuba

Kwenye ghuba, fundi hufuata kalenda ya mwezi sawa na mvuvi. Usomaji uliochukuliwa wakati wa bamvua haulinganishwi na uliochukuliwa wakati wa maji mafu, wala wa maji kujaa na wa maji kupwa. Hupima chumvi, joto na kiwango cha tope. Kwa tope, kifaa rahisi ni sahani yenye rangi nyeupe na nyeusi inayoteremshwa kwa kamba hadi isionekane tena. Urefu wa kamba hiyo ndio kipimo.

Mkulima wa mwani anayajua matokeo yake bila kuambiwa. Mwani unahitaji maji safi yenye chumvi ya bahari, mwanga wa kutosha na joto lisilozidi kiasi. Masika yanapoteremsha maji mengi matamu yenye udongo, chumvi hupungua, mwanga hukatika, na mwani hudhoofika au hukatikia kambani. Kazi ya fundi ni kutambua ni kiasi gani cha hasara hiyo ni cha msimu, ambacho hakizuiliki, na ni kiasi gani kinatokana na ardhi iliyoachwa wazi huko juu, ambacho kinazuilika.

Ukanda huu una kumbukumbu ya kale kuhusu tope. Magofu ya Kaole, yaliyo kati ya mji wa Bagamoyo na Mlingotini, ni mabaki ya mji uliokuwa na misikiti na bandari yake karne nyingi zilizopita. Inaelezwa kwamba mchanga na mikoko viliisogeza bahari mbali na mji huo, na shughuli za biashara zikahamia Bagamoyo. Bahari ya pwani hii ina tabia ya kuhamisha mchanga, na binadamu hawezi kuizuia. Anachoweza ni kutouongezea mzigo wa udongo wa mashamba.

Sifuri na nafasi tupu

Kanuni ya kwanza anayofundishwa fundi sanifu ni ndogo, lakini ndiyo inayobeba kazi yote. Mvua isiponyesha, huandika 0. Asipofika kituoni, au kifaa kikiwa kimeharibika, huacha nafasi tupu na kuandika sababu. Sifuri na nafasi tupu ni vitu viwili tofauti. Sifuri ni taarifa kwamba mtu alikwenda, akatazama, na mvua haikuwapo. Nafasi tupu ni ungamo kwamba hakuna aliyetazama.

Msomaji anayejaza nafasi kwa kukisia, ili daftari lipendeze, hufanya madhara makubwa kuliko aliyeiacha tupu. Nafasi tupu inaweza kukadiriwa na mtaalamu kwa kutumia vituo vya jirani, na ikajulikana kuwa ni makadirio. Namba ya kubuni haijulikani kuwa ni ya kubuni. Huingia katika hesabu za miaka, kisha huibuka kama kalavati lililo dogo kuliko mafuriko, au kama kibali cha kuvuta maji ambayo hayapo.

Umuhimu huo ulidhihirika mwaka 2022, mvua zilipochelewa na maji ya Mto Ruvu kupungua sana, hata mgao wa maji ukatangazwa Dar es Salaam na sehemu za Pwani. Uamuzi wa nani apunguziwe, na kwa kiasi gani, ulihitaji taarifa za maji yaliyopo mtoni siku kwa siku. Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, linalojengwa kuhifadhi lita bilioni 190 kwa ajili ya miezi ya kiangazi, nalo ni la aina hiyo. Bwawa la ukubwa huo haliwezi kusanifiwa bila kumbukumbu za mto za miongo kadhaa, zilizoandikwa na wasomaji ambao wengi wao hawakujua kwamba madaftari yao yangekuja kutumiwa kwa bwawa. Kipimo ambacho hakikuchukuliwa siku yake hakiwezi kurudiwa kesho.

Kurejesha: huanzia juu

Vipimo vikishaonyesha penye jeraha, kazi ya kurejesha huanza. Huanzia juu, kwa kuwa tope linalofika ghubani limesafiri. Kwenye miteremko hujengwa matuta yanayofuata kontua, yakiwemo yale yajulikanayo kama fanya juu, na hupandwa vetiva kwenye kingo za matuta. Kwenye makorongo huwekwa vizuizi vya mawe vinavyopunguza mwendo wa maji hadi udongo utue. Kandokando ya vijito hupandwa miti ya asili kama mikuyu na mivule, huku mikaratusi ikiepukwa karibu na vyanzo kwa sababu hunyonya maji mengi.

Mfano wa karibu upo katika kidakio cha Ruvu chenyewe. Katika eneo la Kibungo Juu, Uluguru, wakulima walishirikiana na mashirika ya CARE na WWF katika mpango uliowalipa kwa kujenga matuta na kupanda miti ili kupunguza tope katika Mto Mfizigo unaotiririkia Ruvu. DAWASCO ilikuwa miongoni mwa wachangiaji wa malipo hayo. Hoja ilikuwa ya wazi: anayesafisha maji ya mto chini hupata nafuu pale anayelima juu anapouzuia udongo shambani.

Sheria nayo imeweka kinga. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au ufuko wa bahari. Fundi ndiye anayepima mita hizo na kusimika bikoni. Kazi hii huhitaji utepe, na huhitaji pia subira na lugha njema, kwa sababu mara nyingi ndani ya mita hizo kuna migomba ya mtu aliyeirithi kwa baba yake. Fundi hana mamlaka ya kumaliza mgogoro wa ardhi. Jukumu lake ni kuonyesha mpaka kwa usahihi mbele ya serikali ya kijiji na wahusika, na kueleza mazao gani ya muda yanaweza kuvumilika na yapi hayawezi.

Mikoko: kutazama maji kabla ya kupanda

Watu wengi hudhani kwamba kurejesha mikoko ni kupanda miche tu. Ukweli ni kwamba kila aina ina mahali pake. Mlilana hukaa mbele, panapofikiwa na maji mengi. Mkoko hupenda tope laini la kingo. Msinzi na mkandaa hukaa sehemu za ndani zaidi, na mchu huvumilia chumvi nyingi hata huonekana nyuma karibu na nchi kavu. Mche uliopandwa pasipo pake hufa, hata kama umepandwa kwa ngoma na hotuba. Nchini Sri Lanka, baada ya tsunami ya 2004, sehemu kubwa ya mikoko iliyopandwa kwa wingi ilikufa, na kupandwa mahali pasipofaa kulikuwa miongoni mwa sababu kuu.

Kwa hiyo fundi huanza kwa kuuliza kwa nini mikoko haipo. Ikiwa ilikatwa, hutazama kama mbegu bado zinaletwa na maji. Ikiwa ni shamba la chumvi lililoachwa, hutazama kama boma lake linazuia maji kuingia. Mara nyingi kufungua boma na kurudisha njia ya maji huleta mikoko mingi kuliko mikono ya wapandaji. Baada ya hapo huhesabu miche iliyo hai kwa vipindi, kwa kuwa mafanikio ni idadi ya miche iliyosimama baada ya miaka, si idadi iliyopandwa siku ya uzinduzi.

Nchini Kenya, wanakijiji wa Gazi na Makongeni, Kwale, wanatunza hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013. Mradi huo huuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, na mapato yake yamesaidia huduma za jamii, ikiwemo maji safi. Mauzo hayo hutegemea vipimo vinavyokubalika: vipenyo vya miti hupimwa, na hesabu hukaguliwa.

Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Kuikata bila kibali ni kosa, na kikundi kinachotaka kuipanda kinashauriwa kuonana kwanza na maofisa wa Wakala huo.

Wajibu wa wananchi

Kituo cha vipimo hakina mlinzi wa usiku. Ubao wa mtoni ung'olewapo kwa ajili ya kuni, au chombo cha mvua kinapogeuzwa ndoo, kinachopotea ni zaidi ya chuma na mbao. Kumbukumbu ya miaka iliyotangulia hukatika, na kituo kipya hakiwezi kuiunga kirahisi. Wananchi wanaombwa kufanya yafuatayo:

1. Kutoa taarifa kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji mara wanapoona kifaa cha vipimo kimeharibika, kimeinama au kimehamishwa.

2. Kutong'oa bikoni za mita 60, na kuomba maelezo pale ambapo mpaka haueleweki.

3. Kueleza mapema mabadiliko ya ladha ya maji ya kisima, pamoja na mwezi yalipoanza.

4. Kujiunga na Jumuiya za Watumia Maji zinazotambuliwa na sheria, ambako migogoro midogo ya maji huzungumzwa kabla haijakua.

5. Kumpa fundi kumbukumbu wanazozijua: mafuriko yalifika wapi, kijito kilikauka mwaka gani, mikoko ilikuwa wapi. Wazee wa pwani wanayo maarifa ambayo hayamo katika daftari lolote.

Kwa vijana wanaoipenda kazi hii

Mlango wa kawaida ni elimu ya kidato cha nne yenye ufaulu katika masomo ya sayansi na hisabati. Chuo cha Maji, Dar es Salaam, hutoa mafunzo ya ufundi sanifu katika fani za maji, na Chuo cha Misitu Olmotonyi, Arusha, hutoa ya misitu. Kwa upande wa bahari, mafunzo ya uvuvi yanapatikana Mbegani, jirani kabisa na Mlingotini.

Anayeingia katika kazi hii ajue kwamba sehemu kubwa yake hufanywa kwa miguu, ndani ya tope na chini ya jua, na kwamba mito ya Wami na Ruvu ina mamba na viboko. Kwa hiyo haingii mtu mtoni peke yake. Ajue pia kwamba siku nyingi hazitakuwa na jambo jipya la kuandika: 0 leo, 0 kesho, 0 keshokutwa. Sifuri hizo, zikiandikwa na mtu aliyekwenda kweli kutazama, ndizo zitakazomwezesha mtaalamu kusema siku moja kwamba ukame umeanza, wakati bado kuna maji ya kugawana.